Vinyota vya Mnadani: Jina la Mnunuzi Linafichwa kwa Faida ya Nani?

Miezi kadhaa iliyopita nilishinda mnada wa lenzi ya kamera katika jukwaa moja la mtandaoni. Ilikuwa lenzi iliyotumika lakini safi, na nilikuwa nimeitafuta kwa muda mrefu. Nilifanya kama tunavyoshauriwa sote: niliweka dau langu la juu kabisa mara moja, nikauachia mfumo unipandishie ngazi kwa ngazi kila akitokea mshindani, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta nimeshinda, ila bei ilikuwa imesimama hatua moja tu chini ya kikomo changu.

Nikafungua orodha ya madau. Mshindani wangu alikuwa mmoja, ameandikwa herufi ya kwanza, vinyota vitatu, herufi ya mwisho. Saa tatu na dakika 14 usiku alipanda ngazi moja. Sekunde 16 baadaye akapanda nyingine. Sekunde 22, nyingine tena. Ngazi tisa ndani ya dakika tatu, zote ndogo kadiri mfumo unavyoruhusu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Ya kumi ikanipita. Papo hapo akaiondoa, na sababu aliyoandika ilikuwa kwamba amekosea kiasi. Dau langu likarudi juu, na bei ikabaki pale alipokuwa ameifikisha kwa ile ngazi ya tisa.

Huenda alikuwa mnunuzi mwenye pupa aliyeshtuka mwenyewe. Huenda alikuwa muuzaji, au shemeji yake. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na njia yoyote ya kutofautisha. Nilitaka kujua jambo moja dogo: je, huyu mwenye vinyota vitatu amewahi kupandisha bei katika minada mingine ya muuzaji huyuhuyu? Jukwaa lilikuwa na jibu. Mimi sikuruhusiwa kulipata, eti kwa kulinda faragha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari neno hilo, faragha, na jinsi linavyotumika mnadani. Mimi si adui wa kuficha majina. Nitaeleza hapa chini kwa nini mnada usioficha majina unaweza kuibiwa vibaya kuliko ule unaoyaficha. Lakini kuficha jina ni kitendo chenye pande tatu: anayefichwa, anayefichiwa, na muda ambao pazia linabaki limeshushwa. Majukwaa mengi yanatujibu upande wa kwanza tu na kutuacha tudhani kwamba mengine yamejibika.

Mnada wa ana kwa ana una ukaguzi wake wa bure. Anayeinua mkono anaonekana. Ukimwona mtu yuleyule anapandisha bei ya mali ya muuzaji yuleyule, na kila mara anaacha dakika ya mwisho, unajua amepandikizwa, na unaweza kumnong'oneza aliye karibu nawe. Mtandao uliondoa macho hayo. Kwa muda ulituachia badala yake: jina la akaunti. eBay, iliyoanzishwa Septemba 1995, ilionyesha kwa miaka zaidi ya kumi jina la akaunti la kila aliyeweka dau. Halikuwa jina la kwenye kitambulisho, lakini lilikuwa lilelile kila mahali, na yeyote mwenye subira angeweza kulifuata kutoka mnada hadi mnada.

Subira hiyo ilileta matunda. Mei 2000, mchoro uliodokezwa kuwa wa Richard Diebenkorn, mchoraji mashuhuri wa Marekani, ulianza kunadiwa eBay kwa senti 25 na ukafika dola 135,805. Muuzaji alijifanya mtu wa kawaida asiyejua alichonacho. Kumbe yeye na wenzake walikuwa wakipandishiana madau. Uchunguzi ulionyesha kwamba kundi hilo lilitumia zaidi ya majina 40 ya akaunti. eBay iliufuta mnada, na mwaka 2001 wahusika wakafunguliwa mashtaka. Mazoea yao ya kupandishiana yaliweza kufuatiliwa hata na waandishi wa habari, kwa sababu majina yale 40, ingawa yote yalikuwa ya bandia, yalikuwa yameachwa peupe na kila moja lilikuwa na nyayo zake.

Kisha, mwishoni mwa 2006 na kuingia 2007, eBay ikaanza kuyaficha majina, kwanza kwenye mali za bei kubwa. Vikaja vinyota. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli, na sitaki kuidharau. Matapeli walikuwa wakisoma orodha za walioshindwa, kisha wanamwandikia kila mmoja: mshindi amejitoa, mali sasa ni yako, nitumie fedha. Aliyeshindwa jana usiku ana hamu na majuto, na ni rahisi sana kunaswa. Watu walipoteza fedha zao kwa njia hiyo. Kulikuwa na haja ya kufanya jambo.

Lakini tazama pazia liliposhushiwa. Wanunuzi wakafichwa wasionane wao kwa wao. Muuzaji akaendelea kuwaona. Katika mchezo ambao shaka kubwa ni kwamba muuzaji ana mtu wake ndani, aliyebaki na macho ni muuzaji, na waliofungwa kitambaa ni wale wanaoweza kudhurika. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hapa mwenye nguo amekatazwa kujipekua.

Naomba tukae kidogo kwenye hisabati ya jambo hili, maana ndipo uzito wake ulipo. Mfumo wa kuweka kikomo chako na kuachia kompyuta ikupandishie unafanana sana na wazo alilolichambua mwanauchumi William Vickrey mwaka 1961, na kazi yake ikachangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Wazo lenyewe ni zuri mno: mshindi ni aliyeweka dau la juu kuliko wote, lakini analipa kwa kipimo cha dau la pili. Ukijua hivyo, huna sababu ya kudanganya. Unataja thamani halisi ya mali kwako, basi. Hutalipa zaidi ya inavyohitajika kumshinda anayekufuata.

Uzuri wote huo unasimama juu ya nguzo moja: yule wa pili awe mnunuzi wa kweli. Bei yako haiamuliwi na wewe, inaamuliwa na yeye. Akiwa pandikizi, unyoofu wako unageuka kuwa silaha mikononi mwa muuzaji, kwa sababu umemwachia kikomo chako ndani ya mashine, naye kazi yake ni kupapasa tu mpaka akiguse. Ndiyo maana dau la bandia linaumiza zaidi katika mnada wa aina hii kuliko katika ule wa bahasha ambapo kila mtu analipa alichoandika.

Wanunuzi wameligundua hili bila kusoma uchumi. Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walilinganisha eBay, ambako mnada ulifungwa kwa saa iliyopangwa, na Amazon ya wakati ule, ambako dau la dakika za mwisho lilirefusha mnada. Wale wa eBay walisubiri sekunde za mwisho kuliko wenzao. Zipo sababu kadhaa za tabia hiyo, na mojawapo ni hii ninayoizungumzia: ukishambulia sekunde tano kabla ya kufungwa, pandikizi hana muda wa kupapasa. Mnunuzi amejitengenezea pazia lake mwenyewe. Ni akili nzuri, ila inasikitisha pia, maana mfumo uliojengwa ili mtu aseme ukweli mapema umewafundisha watu kunyamaza mpaka mwisho.

Sasa ngoja niutetee usiri, kwa sababu nao una hoja nzito kuliko wanavyodhani wapenda uwazi wa kila kitu.

Ujerumani, mwaka 1999, serikali ilinadi masafa ya simu katika vipande kumi. Kampuni ya Mannesmann ikafungua kwa dau la mark za Kijerumani (sarafu yao ya wakati ule) milioni 18.18 kwa kila megahezi katika vipande vitano, na milioni 20 katika vitano vingine. Kwa nini 18.18? Sheria ya mnada ilitaka kila dau jipya lizidi la awali kwa angalau asilimia kumi. Ongeza asilimia kumi juu ya 18.18 unapata 20 kasoro kidogo mno. Mannesmann ilikuwa inamwambia mshindani wake, T-Mobil, bila kufungua kinywa: chukua vitano hivi kwa 20, niachie vile kwa 20, tusiumizane. T-Mobil ikaelewa. Mnada ukaisha baada ya raundi mbili tu.

Huko Marekani, katika mnada wa masafa wa 1996 hadi 1997, mambo yalikuwa waziwazi zaidi. Kampuni mbili zilikuwa zinagombea leseni ya Rochester, Minnesota, iliyopewa namba 378. Moja ikachoka. Ikaenda kwenye leseni mbili za Iowa ambazo mpinzani wake alikuwa anaongoza, ikaweka madau ya dola 313,378 na dola 62,378. Tazama tarakimu tatu za mwisho. Ujumbe ni kwamba: usipotoka Rochester, nitakufuata hadi nyumbani kwako. Mpinzani akatoka. Wizara ya Sheria iliingilia kati kuhusu mtindo huo, na hatimaye walionadi masafa wakabadili utaratibu: madau yakawa ya kuchagua viwango vilivyopangwa, na katika mnada mkubwa wa mwaka 2008, uliokusanya takriban dola bilioni 19, washiriki hawakuonyeshwa nani ameweka dau gani.

Somo la visa hivi liko katika vitisho. Huwezi kumtisha mtu usiyemjua, na huwezi kugawana soko na kivuli. Pale ambapo wanunuzi ni wachache na wanakutana mara kwa mara, kuonyesha majina wakati mnada unaendelea ni kuwapa meza ya kulia njama.

Kuna na usiri wa mfuko. Novemba 2021 maelfu ya watu wasiofahamiana walichanga fedha za kidijitali mtandaoni, zaidi ya dola milioni 40, ili kununua nakala ya awali ya Katiba ya Marekani iliyokuwa ikinadiwa na kampuni ya minada ya Sotheby's. Walijiita ConstitutionDAO. Kila mchango ulionekana hadharani, na huo ndio uliokuwa fahari yao. Lakini yeyote aliyetaka kushindana nao alijua kikomo chao kabla nyundo haijainuliwa. Nakala ikaenda kwa tajiri Ken Griffin kwa dola milioni 43.2. Siwezi kusema uwazi peke yake ndio uliowashinda, maana tajiri yule angeweza kupanda zaidi. Hata hivyo, kuingia mnadani ukiwa umefungua pochi mezani ni kujinyima nguvu pekee aliyonayo mnunuzi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Denmark. Januari 2008 wakulima wapatao 1,200 wa viazisukari walihitaji kuuziana haki za kuzalisha zao hilo. Mnunuzi wa viazi vyao alikuwa mmoja tu, kampuni ya Danisco. Mkulima akitaja bei ambayo kwayo yuko tayari kuuza haki yake, anafichua hali yake ya kiuchumi: gharama zake, shida zake, uvumilivu wake. Danisco ikiyajua hayo, mazungumzo ya bei ya msimu ujao yamekwisha kabla hayajaanza. Je, mnada usimamiwe na chama cha wakulima? Danisco nayo isingeridhika. Ndipo watafiti wakaleta suluhisho la mafumbo ya kihisabati: kila dau lilivunjwa vipande na kugawiwa kompyuta tatu, moja ya Danisco, moja ya chama cha wakulima, moja ya mradi wa utafiti. Hakuna hata moja iliyoweza kusoma dau la mkulima peke yake. Zote tatu kwa pamoja zikapiga hesabu na kutoa bei moja ya soko, bila madau yenyewe kufunguliwa.

Hapo usiri ulimlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, na hata msimamizi wa mnada alifungwa macho. Linganisha na vinyota vya orodha yangu, ambamo msimamizi anaona kila kitu, muuzaji anaona, na anayelipa haoni.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema jambo langu bila kulizungusha. Tukishaondoa macho ya wanunuzi, jukwaa linabaki shahidi pekee, na shahidi huyo analipwa kwa asilimia ya bei ya mwisho. Kila ngazi anayopanda pandikizi inaongeza kamisheni. Sisemi kwamba majukwaa yanapanga wizi huu. Wapo wafanyakazi wanaokesha kuusaka, na zipo programu za kutambua akaunti zinazotumia kifaa kimoja au kadi moja ya benki. Nasema kwamba tumempa fisi bucha alinde, kisha tukaambiwa milango ifungwe ili fisi afanye kazi kwa utulivu. Mlinzi mwenye maslahi anahitaji kukaguliwa kuliko mwingine yeyote, hata akiwa mwaminifu.

Ukraine walipounda mfumo wa manunuzi ya umma wa ProZorro, ulioanza kutumika kwa lazima Agosti 2016, walilitazama pazia kwa jicho la saa. Kampuni zinazoshindana kushusha bei hazijui nani ni nani wakati raundi tatu za mnada zinaendelea. Mnada ukifungwa, majina yanafunguka, na nyaraka zao pia, za mshindi na za walioshindwa. Mwandishi wa habari au mwananchi anaweza kuketi na kusoma. Usiri ulikuwepo kwa ajili ya ushindani. Ushindani ukiisha, hauna kazi tena.

Utaratibu huo si dawa ya kila ugonjwa. Mwanauchumi George Stigler aliandika mwaka 1964 kwamba zabuni za bahasha zinazofunguliwa hadharani, pamoja na jina na bei ya kila mmoja, ni chombo bora kabisa kwa walanjama kumgundua mwenzao aliyevunja ahadi. Hoja hiyo inanisumbua, na nadhani inawabana hasa wanaonadi mikataba ya kampuni chache zilezile mwaka baada ya mwaka. Kwao huenda majina yangefunguliwa baada ya miezi kadhaa, au yafunguliwe kwa mkaguzi asiye na maslahi kwanza. Lakini minada tunayoshiriki wengi wetu, ya lenzi, magari yaliyotumika, sarafu za kale na vitabu, ina wanunuzi maelfu wanaopita tu. Hatuwezi kula njama, kwa sababu hatujuani. Hatari yetu ni pandikizi, na dhidi ya pandikizi ukimya wa orodha unatudhuru moja kwa moja.

Wala hatuhitaji majina halisi. Oktoba 2021 picha ya kidijitali iitwayo CryptoPunk 9998 ilionekana kuuzwa kwa takriban dola milioni 532. Vichwa vya habari vikawaka. Muda mfupi baadaye watu waliofuatilia daftari la wazi la miamala wakaonyesha kwamba fedha zilikopwa, zikazunguka na kurudishwa ndani ya muamala mmoja, na picha ikarudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyehitaji kujua mtu huyo anaitwa nani. Walichohitaji ni anwani isiyobadilika na njia ya kuifuata.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo sana. Nipeni lakabu, hata iwe namba tupu iliyotungwa na mashine, isiyoweza kumfikisha tapeli kwenye kisanduku cha barua cha mtu, lakini ibaki ileile kwa mnunuzi yuleyule katika minada yote ya muuzaji yuleyule. Nionyesheni, mnada ukishafungwa, madau yote na saa zake, pamoja na yaliyoondolewa. Mfungeni muuzaji macho kama mlivyotufunga sisi mpaka nyundo igonge. Baadhi ya majukwaa, eBay ikiwemo, yamefika nusu ya njia kwa kuonyesha muhtasari wa shughuli za mweka dau: ni sehemu gani ya madau yake iliyokwenda kwa muuzaji huyu, na ameondoa madau mara ngapi. Ni jambo jema. Ila muhtasari ni hesabu iliyopigwa na mtu mwingine, na hauwezi kukuonyesha sekunde 16 na sekunde 22.

Sheria, kwa upande wake, haikulala. Uingereza, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya 1979 inamkataza muuzaji kuweka dau kwenye mali yake asipokuwa ametangaza haki hiyo mapema, na mnunuzi anaweza kuyachukulia mauzo ya namna hiyo kuwa ya ulaghai. Mwaka 2010 mfanyabiashara mmoja wa huko, aliyejipandishia bei eBay kwa akaunti ya pili katika mnada wa basi dogo na mali nyingine, alitozwa faini ya pauni 5,000 na kuamriwa kufanya kazi za jamii kwa saa 250. Marekani, kanuni ya biashara inayofuatwa katika majimbo inakwenda mbali zaidi: dalali akipokea kwa kujua dau la upande wa muuzaji bila kuwatangazia watu, mnunuzi anaweza kuukataa mnada, au kuichukua mali kwa bei ya dau la mwisho lililowekwa kwa nia njema.

Dau la mwisho la nia njema. Katika orodha yangu, ikiwa yule mwenye vinyota alikuwa pandikizi, dau hilo lilikuwa ngazi tisa chini ya nilicholipa. Niliwaandikia wenye jukwaa, nikawapangia sekunde zote mstari kwa mstari. Walijibu baada ya siku nne, kwa adabu, kwamba wamechunguza, hawakuona ukiukaji, na kwa sababu za faragha hawawezi kunieleza walichokiangalia. Juzi, nikijiandaa kuandika makala haya, nilirudi kwenye ukurasa wa mnada ule nithibitishe kama ilikuwa ngazi tisa au kumi. Orodha ya madau ilikuwa imeshaondolewa. Kilichobaki ni picha ya lenzi na bei niliyolipa.